Je, kujihurumia baada ya kufeli kunamrudisha mwanafunzi darasani au kunamlaza?

#1 Mwana Shangani
Habari za jioni, wanajukwaa. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kimoja hapa Mtwara mjini, nasomea ualimu, na nina jambo lililonikaa kifuani kwa wiki tatu. Siku tuliyorudishiwa karatasi za jaribio la takwimu nilikuwa nimeketi nyuma ya mwenzetu aliyepata alama 6 kati ya 20. Aliitazama karatasi, akaikunja mara mbili, akaikunja tena na tena mpaka ikawa ndogo kama kipande cha mche wa sabuni, kisha akaishindilia ndani ya kiatu. Nilimsikia akisema kwa sauti ya chini, "Ng'ombe wewe." Hakuwa akimwambia mtu mwingine. Wiki iliyofuata alikaa karibu na mlango, wiki ya pili alichelewa na kuondoka kabla ya karatasi ya mahudhurio kumfikia, na wiki hii hakuja kabisa.

Katika saikolojia ya elimu tumefundishwa dhana iliyofafanuliwa mwaka 2003 na mtafiti Mmarekani, Kristin Neff, kwamba mtu anapofeli aitendee nafsi yake kama ambavyo angemtendea rafiki aliyefeli. Dhana hiyo ina sehemu tatu: upole badala ya kujihukumu, kukumbuka kwamba kukosea ni hali ya binadamu wote badala ya kujiona uko peke yako, na kuyatazama maumivu kwa utulivu bila kuyaficha wala kuyakuza. Dai langu ni kwamba wanaojitukana ndio wanaotoroka masomo, na wanaojihurumia ndio wanaorudi. Nipingeni au niungeni mkono, lakini naomba mifano mliyoishuhudia.

#2 Ubao na Chaki
Ahsante kwa uzi, kijana wangu, lakini nitakupinga tangu mwanzo. Nimefundisha hisabati katika shule za sekondari za Nachingwea na Masasi kwa miaka 31 kabla ya kustaafu na kuhamia hapa Chuno, Mtwara, na katika miaka yote hiyo sikumwona mwanafunzi aliyeokolewa na kujionea huruma. Niliowaona wakiokoka ni wale waliozichukia alama zao. Mtu akipata 6 kati ya 20 halafu akajiambia kwamba hakuna neno, hata wengine wamefeli, atapata 6 nyingine, kwa sababu uchungu wa kufeli una kazi yake na yeye ameunyamazisha kabla haujaifanya. Kwa kusikia tu, tatizo la huyo mwenzenu ni kwamba takwimu imejengwa juu ya sehemu, asilimia na aljebra, na msingi huo hana. Ukimpa huruma bila msingi utakuwa umempaka mafuta kwenye mguu uliovunjika.

#3 Mng'oko
Shikamoo, Mwalimu. Wapo humu ambao ukiandika tu tunaketi wima, na mimi ni mmoja wao, ingawa hukunifundisha wewe bali mwalimu wa aina yako kule Newala. Uchungu wa kufeli hisabati ulinifundisha kuikwepa hisabati: nilichagua tahasusi isiyo na namba, nikachagua shahada niliyodhani haina namba, na nilipokutana na kozi ya lazima ya takwimu mwaka wa pili nikawa naumwa tumbo kila Jumatano. Uchungu ulifanya kazi, Mwalimu, lakini haikuwa kazi uliyoikusudia wewe.

#4 Binti Mwera
Namuunga mkono mwanzisha uzi, na nitatoa mfano wangu. Nilipokuwa mwaka wa pili nilipata sapu, yaani mitihani ya marudio, tatu kwa mkupuo. Matokeo yalipofunguka kwenye mfumo nilikuwa nyumbani Lindi, nikaizima simu kwa siku nne, nikaacha kwenda kula na wenzangu na nikaanza kuwaambia watu kwamba naahirisha mwaka kwa sababu ya afya, jambo ambalo halikuwa kweli. Aliyenirudisha ni mwenzangu wa chumbani hosteli. Alipiga simu kwa mama, mama akanipa, naye hakunipa pole wala hakunisema. Alisema, "Na mimi nina mbili. Nitakuwa Lindi Jumatatu, tafuta pa kusomea." Neno hilo "na mimi" lilinifungua kifua. Tulisoma mwezi mzima wa Agosti kwenye veranda ya mjomba wangu, nikazisafisha zote tatu mwezi Septemba.

Halafu nimewahi kusoma kwamba huko Harvard walifanya jaribio, wanafunzi waliojihurumia baada ya kufeli wakaja kufaulu zaidi kuliko wenzao. Kwa hiyo jambo hili limethibitishwa.

#5 Jedwali
Hongera kwa kuzisafisha, Binti Mwera. Naomba nirekebishe mambo mawili, kwa kuwa ninafundisha chuoni na makosa haya huzaa makosa mengine kwenye tasnifu za wanafunzi.

La kwanza, Neff yuko Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, na jaribio unalolikumbuka lilichapishwa mwaka 2012 na Juliana Breines na Serena Chen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Harvard haikuhusika. Wanafunzi walipewa mtihani mgumu wa msamiati ambao ulikuwa lazima uwashinde. Kisha kundi moja likaambiwa maneno ya kulihimiza lijihurumie, yaani kwamba ni kawaida kupata shida na mtihani wa namna ile na wasijihukumu kwa ukali mno. Kundi jingine likaambiwa maneno ya kulipandisha hadhi, kwamba kufika tu katika chuo kile ni dalili ya akili. Na la tatu halikuambiwa kitu. La pili, kilichopimwa hasa ni muda waliotumia kujisomea kabla ya mtihani uliofuata. Waliohimizwa kujihurumia walisoma muda mrefu zaidi. Hilo ni jambo la maana sana kwa uzi huu, lakini si sawa na kusema kwamba walifaulu zaidi mwisho wa mwaka.

#6 Ubao na Chaki
Nakushukuru, Jedwali, kwa uaminifu. Kwa hiyo tunazungumzia dakika za kukaa na kitabu katika chumba cha majaribio. Nimewaona wengi waliokaa na kitabu mpaka mafuta ya koroboi yakaisha, na asubuhi hawakuweza kugawanya sehemu kwa sehemu. Muda si uelewa.

#7 Jedwali
Ni kweli, Mwalimu, ila muda ndio mlango. Asiyefungua daftari hana njia ya kufika kwenye uelewa. Tena angalia jambo moja: wale waliosifiwa akili hawakusoma kama wale walioambiwa kwamba ugumu ule ni wa watu wote. Mimi nilikuwa mtu wa kuwasifu wanafunzi wangu, "Ninyi ni vichwa, mtaweza," na tangu nilipousoma utafiti huo nimejizuia.

#8 Ghala la Pili
Ndugu zangu, naheshimu saikolojia, lakini mnaijadili nafsi ya mwanafunzi kama vile haina tumbo. Mimi ni karani wa ghala la korosho huko Tandahimba na nina wadogo wawili chuoni, kwa hiyo naona pande zote mbili. Likizo ndefu inaanza mwezi Julai, na ndio wakati wa kupuliza salfa ili ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, usile maua ya mikorosho. Kijana mwenye sapu anatakiwa asome, lakini alfajiri, kabla upepo haujaamka, yuko shambani na mashine ya kupulizia mgongoni, na akirudi saa 4 macho yanamwasha kiasi kwamba hawezi kusoma hata gazeti. Mwezi Oktoba, chuo kinapofunguliwa, ndipo korosho zinaanza kuanguka na mikono inahitajika nyumbani. Fedha za mnada haziji siku ya mnada, na kama mzee alikwisha kuziuza korosho kwa kangomba, yaani kwa wanunuzi wasio rasmi, zingali mauani ili alipe kodi ya chumba ya muhula uliopita, basi hata mnada ukipanda bei yeye hana chake. Hapo bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, likichelewa, mwanafunzi anakula mlo mmoja. Mtu wa mlo mmoja akikaa karibu na mlango, tusikimbilie kusema anajichukia. Huenda anataka kuwahi kibarua.

#9 Mwana Shangani
Ghala la Pili, umenigusa, kwa sababu kwao huyo mwenzetu ni wilaya hiyo hiyo unayoitaja. Hata hivyo naomba nikuulize: darasani tuko wengi tunaosubiri bumu kwa hamu ile ile, na si wote tuliokimbia. Kwa nini njaa ile ile imfukuze mmoja na imbakize mwingine?

#10 Ghala la Pili
Kwa sababu si njaa ile ile. Wewe wa Shangani ukikosa bumu unakwenda kula kwa mama. Samahani kwa kusema wazi, lakini ndivyo ilivyo.

#11 Zamu ya Usiku
Mimi ni muuguzi, nafanya kazi upande wa Masasi, na nasoma shahada huku nikiwa kazini. Nadhani nusu ya ubishi huu inatokana na neno. Mwalimu katika #2 ametumia "kujionea huruma", na kwa Kiswahili chetu hilo ni lawama: ni kukaa chini, kushika tama na kuhesabu mabaya yaliyokupata. Mwanzisha uzi anasema "kujihurumia", na msikilizaji wa haraka hasikii tofauti. Sisi wodini tuna neno ambalo naona linafaa zaidi, nalo ni kujiuguza. Ninapomuuguza mtu mwenye kidonda cha kisukari simwambii kwamba kidonda hakipo, wala simtukani kwa kukipata. Nakifungua, nakiosha mpaka anauma meno, naondoa nyama iliyokufa, nafunga bandeji safi, na kesho narudi tena kukifungua. Huruma yangu iko katika kurudi kila siku. Mwanafunzi anayejiuguza ataifungua ile karatasi ya 6 kati ya 20 na kuitazama swali kwa swali, jambo ambalo aliyeikunja na kuificha kiatuni hajaliweza.

#12 Mng'oko
Dada muuguzi, neno hilo nalichukua. Ubao na Chaki, naona hapo mmekutana katikati ya mto, yeye na bandeji yake, wewe na mguu wako.

#13 Ubao na Chaki
Mng'oko, wewe soma kwanza takwimu. Muuguzi, sina ugomvi na kujiuguza. Ugomvi wangu ni na mtu anayefunga bandeji bila kuosha, kisha akaitwa mwenye kujihurumia.

#14 Mikindani Bandarini
Assalaam alaykum. Naomba niingie kwa upande wa dini, kwa sababu wengi wetu huku pwani maneno ya kwanza kuyajua kuhusu nafsi tuliyapata madrasa. Tumefundishwa kutokukata tamaa na rehema ya Mola hata kama makosa yamejaa, na hilo linamwelekea mwanzisha uzi. Lakini pia katika sura ya 75, Al-Qiyama, kiapo kimeapwa kwa nafsi inayojilaumu, na masheikh wengi wanaieleza nafsi hiyo kuwa ni hatua ya heri, kwa sababu mtu asiyejilaumu kamwe hawezi kutubu. Kwa hiyo lawama ina mahali pake, na toba ina mpangilio wake: kukiri kosa, kuliacha, kuazimia kutolirudia, na kama kuna haki ya mtu kuirudisha. Baada ya hapo mtu haruhusiwi kuendelea kujipiga. Nawaona wanafunzi wengi wamebaki kwenye hatua ya kwanza miezi mitatu, wanakiri tu, na kukiri huko wanakuita ukali kwa nafsi.

#15 Jedwali
Wa alaykum salaam. Hoja yako inakaribiana na utafiti mwingine wa mwaka 2010, wa Michael Wohl na wenzake huko Kanada. Waliwafuatilia wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliochelewa kujiandaa kwa mtihani wa kwanza. Waliojisamehe kwa uzembe ule ndio waliopunguza kuchelewa walipojiandaa kwa mtihani uliofuata. Mtu angedhani kujisamehe kungewapa ruhusa ya kuzembea tena, lakini haikuwa hivyo kwa wale waliopimwa. Maelezo yao ni kwamba kosa ambalo hujalisamehe linakufanya uikwepe kazi yenyewe, kwa kuwa kila ukiigusa inakukumbusha aibu. Natahadharisha tu kwamba kujisamehe na kujihurumia si kitu kimoja, na watafiti huvipima kwa maswali tofauti.

#16 Tandiko la Jando
Nimesoma kimya, sasa nachangia. Watu wengi wakisikia kwamba sisi Wamakonde tumepita jandoni, wanadhani tulifundishwa ukavu tu. Ni kweli tuliambiwa tusilie. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni kwamba kidonda kilikuwa cha wote, siku moja, na hakuna aliyeweza kumcheka mwenzake kwa kutembea miguu ikiwa wazi. Alikuwepo mtu mzima ambaye kazi yake ilikuwa kutuosha asubuhi na jioni, na hakutuacha mpaka wa mwisho wetu alipopona. Nilipofika chuo kikuu niligundua kwamba kidonda cha kufeli kila mtu anakificha peke yake. Tulikuwa zaidi ya 200 ukumbini, na baada ya matokeo sikumjua hata mmoja mwenye sapu, mpaka nilipoingia chumba cha mtihani wa sapu na kuwakuta zaidi ya 60, wakiwemo wawili niliokuwa nakaa nao meza moja kila siku. Tulitazamana, hatukusema kitu. Kama kuna jambo linalotutoa katika masomo, kwangu mimi ni hilo, na sijui kama mtu mmoja anaweza kulitibu kwa kujisemesha moyoni.

#17 Mama Mitwero
Tandiko la Jando, nimeisoma habari yako mara mbili.

Mimi nina miaka 44, nafundisha shule ya msingi hapa Lindi na nasoma kupitia Chuo Kikuu Huria. Naona mmeuanza mjadala mguu wa nyuma. Mnasema mtu ajihurumie kwanza ndipo asome. Kwangu ilikuwa kinyume. Nilianza nikijiona mzee mjinga, kila nikifungua kitabu nasoma ukurasa mmoja mara nne. Sikuwa na upole wowote kwa nafsi yangu. Nilichofanya ni kujiwekea kurasa tatu kila usiku baada ya watoto kulala, ziingie zisiingie. Baada ya miezi miwili nilikuta nimeandika kazi yangu ya kwanza ya nyumbani, na siku hiyo ndiyo niliyoanza kujisemesha vizuri. Masomo ndiyo yaliyoniletea huruma. Anayefanya vizuri ana nafasi ya kuwa mpole kwa nafsi yake, na mnapomkuta mpole mnasema upole ndio uliomfaulisha.

#18 Jedwali
Mama Mitwero, shikamoo. Umeligusa jambo ambalo linatusumbua hata sisi. Utafiti mwingi wa eneo hili unawapa wanafunzi dodoso mara moja, la kujihurumia na la kushiriki masomo, kisha unatazama kama alama zinapanda pamoja. Neff na wenzake walifanya hivyo mwaka 2005, na walikuta kwamba wanaojihurumia zaidi husoma kwa shabaha ya kuelewa kuliko kwa shabaha ya kuwapita wenzao, na kwamba wanaogopa kufeli kidogo kuliko wengine. Lakini dodoso la siku moja haliwezi kukuambia kipi kilitangulia. Majaribio kama lile la Berkeley yanasaidia, ingawa ni ya muda mfupi.

Kuna na shida ya kipimo. Dodoso la Neff la mwaka 2003 lina vipengele 26, na nusu yake ni maswali ya upande mbaya, kama vile unajihukumu kiasi gani na unajitenga kiasi gani. Mwaka 2017 Peter Muris na Nicola Petrocchi walionyesha kwamba maswali hayo ya upande mbaya ndiyo yanayohusiana zaidi na msongo na huzuni, kuliko yale ya upole. Maana yake ni kwamba huenda tunachokiona si nguvu ya upole bali ni madhara ya ukali. Neff hakukubaliana na wanaotaka kutenga pande hizo mbili, na ubishi haujaisha. Nauleta hapa kwa sababu mwanzisha uzi ametoa madai mawili kama moja: kwamba kujitukana kunafukuza, na kwamba kujihurumia kunarudisha. La kwanza linaweza kuwa kweli bila la pili.

Hata neno kushiriki lina ngazi. Jennifer Fredricks na wenzake mwaka 2004 walilitenga katika matendo, hisia na fikra. Kusaini mahudhurio ni matendo. Wengi wanaosaini hawapo.

#19 Tandiko la Jando
Jedwali, mambo haya yote ni ya Wamarekani. Wao wamelelewa kila mtu na chumba chake na nafsi yake. Yanatuhusu vipi sisi?

#20 Jedwali
Ni swali la haki. Mwaka 2008 Neff na wenzake walilinganisha wanafunzi wa Thailand, Taiwan na Marekani. Wathai walikuwa na alama za juu zaidi za kujihurumia, Wataiwan za chini zaidi, na Wamarekani wakawa katikati. Kwa hiyo hata nchi mbili za Asia, ambazo mtu wa mbali angeziweka kapu moja, hazikulingana, na watafiti walihusisha tofauti hiyo na mafundisho na malezi ya kila mahali. Habari yako ya jandoni ni ya aina hiyo hiyo, na ningependa mwanafunzi mmoja wa huku aifanyie tasnifu.

#21 Binti Mwera
Nataka kurudi kwenye ukali, ila si wa mtu kwa nafsi yake. Sauti ile ya "ng'ombe wewe" haikuzaliwa na huyo kijana. Katika shule niliyosoma, ambayo sitaitaja, karatasi zilirudishwa kuanzia aliyeongoza mpaka wa mwisho, jina moja moja, na wa mwisho alitembea kutoka nyuma ya darasa mpaka mbele watu wakimpigia meza. Nilitembea safari ile mara mbili. Mpaka leo nikipata alama mbaya nasikia zile meza. Mnaponiambia nijisemeshe kwa upole mnaniambia nishindane na meza 50.

#22 Ubao na Chaki
Binti Mwera, mwanangu, nimeisoma hii na nimekaa kidogo kabla ya kujibu. Nilikuwa nikirudisha karatasi kwa mpangilio huo. Sikuwahi kuruhusu meza zipigwe, lakini mpangilio ulikuwa huo, na nilidhani nawapa wa chini hamu ya kupanda. Wapo waliopanda, nawakumbuka kwa majina. Wasiopanda siwakumbuki vizuri, na sasa najiuliza kama ni kwa sababu waliacha kuja. Msimamo wangu kuhusu msingi wa hisabati haujabadilika. Kuhusu mpangilio wa karatasi, nilikosea.

#23 Binti Mwera
Ahsante, Mwalimu. Sikutarajia jibu hilo.

#24 Mwana Shangani
Wanajukwaa, nimerudi na habari. Jana jioni nilikwenda kwenye chumba alichopanga mwenzetu, maeneo ya Magomeni ya hapa Mtwara. Nilimkuta anafua. Sikumwambia habari ya uzi huu mwanzoni, nilimsaidia kukamua shuka, kisha nikamwambia nimekuja na daftari langu la takwimu kwa sababu wiki aliyokosa tulifundishwa mkengeuko sanifu, kile kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani, na mimi mwenyewe sijauelewa, jambo ambalo ni kweli.

Aliitoa ile karatasi chini ya godoro. Mikunjo ilikuwa imechanika katikati. Tulikwenda swali kwa swali, kama alivyosema muuguzi. Swali la tatu lilikuwa na jedwali la wanafunzi waliogawanywa katika makundi matano ya alama: 5, 8, 12, 9 na 6. Jumla ni 40. Yeye aligawanya kwa 34 na kila kitu kilichofuata kikaharibika. Tulipotazama tuliona kwamba safu ya mwisho ya jedwali ilikuwa imechapwa upande wa pili wa karatasi, naye hakuigeuza. Alama 7 zilipotea pale. Alikaa kimya, halafu akasema, "Kwa hiyo sikuwa mjinga, sikugeuza karatasi tu." Maswali mengine mawili, Mwalimu, hakuyaelewa kabisa, nakiri.

Kisha aliniambia jambo ambalo halimo katika hoja zetu zote. Yeye ni wa kwanza kijijini kwao kufika chuo kikuu, na kabla hajaondoka watu walimchangia, wengine korosho kilo mbili, wengine nauli, na bibi mmoja alimpa kanga mpya ajifunike. Alisema kanga ile hawezi kujifunika tangu siku ya jaribio. Nilimweleza dhana ya kuihurumia nafsi akaniuliza, "Nafsi ipi? Ile si yangu peke yangu." Sikuwa na jibu. Ghala la Pili, nilimuuliza na kuhusu chakula. Una ukweli kwa sehemu: anakula mchana tu.

#25 Zamu ya Usiku
Mlo mmoja, usingizi mbaya na aibu. Hivyo vitatu vikikaa pamoja mwezi mzima, naomba aonane na mshauri wa wanafunzi chuoni au aende kituo cha afya, wala asingoje azidiwe. Huzuni ikivuka wiki mbili bila kupungua si jambo la kujiuguza peke yako.

#26 Mikindani Bandarini
Swali lake la "nafsi ipi" limenikosesha usingizi. Waliomchangia walitoa sadaka, hawakukopesha, lakini yeye anaibeba kama deni. Sijui kama tunamfundisha ajihurumie au tuwaombe wale wazee wampigie simu.

#27 Ghala la Pili
Wazee wa kule nawajua. Hakuna hata mmoja atakayeuliza alama. Watauliza kama amekula. Nitamtafuta bibi wa kanga, Mwana Shangani nitumie jina la kijiji faragha. Na wewe nisamehe kwa maneno ya #10.

#28 Ubao na Chaki
Kosa la kutogeuza karatasi si kosa la msingi, kwa hiyo katika swali hilo nilimhukumu kabla sijaona kazi yake. Hayo mawili mengine nataka kuyaona kwa macho. Aje kwangu Chuno Jumamosi saa 3 asubuhi, aje na karatasi hiyo hiyo iliyochanika, si nakala. Kutakuwa na chai na mihogo. Bado sijakubali kwamba huruma inafundisha hesabu.

#29 Mng'oko
Mwalimu, naomba nije na mimi. Nina kozi ya Jumatano.

#30 Ubao na Chaki
Njoo, ukae mbele.

#31 Mwana Shangani
Nimemfikishia ujumbe. Amesema atakuja, na ameuliza kama alete kikokotoo.

#32 Ubao na Chaki
Asilete.